Ngitili yangu ina uzio, mbona nyasi zinakufa?

SWALI: Misimu minne iliyopita nilizungushia eka 4 uzio wa minyaa nipate ngitili yangu, yaani eneo la malisho linalofungwa ili nyasi zikue. Nyasi zilirudi vizuri, na sijaingiza ng'ombe hata mmoja. Sasa zimekuwa za kijivu, zimesimama mafungumafungu, katikati ardhi ni tupu na maji ya mvua yanapita juu tu. Nina ng'ombe 10. Nimekosea wapi?
Msomaji, Kishapu, Shinyanga

JIBU: Ndugu msomaji, kuzungushia ulifanya vyema, kosa ni kutofungua. Nyasi za kudumu zisipoliwa, majani makavu huyanyima jua machipukizi na shina hufa kuanzia katikati. Penye upara matone ya mvua huupiga udongo mpaka ukafanya utando mgumu, maji yasizame. Ngitili za Wasukuma hufungwa mvua zinapoanza, zikafunguliwa kiangazi, Julai au Agosti, malisho ya nje yakiisha. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza 1986, ulifufua utaratibu huohuo.

Usiingize mifugo udongo ukiwa umelowa, hata kwa siku moja: kwato huushindilia na mizizi ikakosa hewa. Ukiwa mkavu, kwato hizohizo huvunja utando na kulaza majani makavu chini, yakaufunika.

Siku za kulisha zipime. Kata nyasi zote ndani ya mraba wa mita 1 kwa 1, sehemu 10, na penye upara usiparuke. Anika, pima, tafuta wastani. Ukipata gramu 150, eka 1 ina takriban kilo 600, eka 4 kilo 2,400. Waachie ng'ombe nusu tu, kilo 1,200. Ng'ombe wa kilo 250 hula kama kilo 6 za nyasi kavu kwa siku. 10 watatumia siku 20. Mchungaji awazuie ndani ya kipande kimoja cha eka 1 kwa siku 5, kisha kingine, na wahame mapema nyasi zikibaki sentimita 10. Nyasi kuukuu hazina protini ya kutosha, waongezee mashudu ya pamba.

Lango lisiwe chini ya mteremko, maana njia ya ng'ombe ishukayo hugeuka korongo.

Penye upara, kwatua sentimita 5 kabla ya mvua, tawanya samadi, sia mbegu za nyasi ya malisho iitwayo Cenchrus ciliaris zisizidi kina cha sentimita 1, kisha funika kwa matawi ya miiba. Usitumie minyaa, utomvu wake huunguza macho.

Kujua kama udongo unapona, chukua kopo lisilo na kitako, lididimize sentimita 3, mimina nusu lita ya maji na uhesabu dakika mpaka yaishe. Pima penye nyasi na penye upara, andika, urudie mahali palepale kiangazi kijacho.