Maswali ya Wasomaji: Injini Imenoki Mara Mbili na Lori Bado Lina Waranti

SWALI: Wahariri, salamu. Nilinunua lori jipya kwa mkopo wa benki, la kuvuta makontena kutoka bandarini hadi Malaba. Lilipofika kilomita 38,000 injini ilinoki, yaani iligonga na kufa, karibu na Maungu. Muuzaji alitengeneza bila malipo, akaweka krenkshafti (mtaimbo unaozungushwa na pistoni), metali (beringi zinazoubeba) na gasketi mpya. Halikumaliza kilomita 20,000 nyingine, likanoki tena likipanda Mazeras. Sasa naambiwa nimetia dizeli chafu, na kwamba waranti haigusi dizeli. Sevisi zote nimefanya kwao, na benki haisubiri. Nifanye nini?
— Mwenye lori, Miritini

JIBU: Pole sana, ndugu yetu. Kabla ya kubishana na mtu yeyote, hakikisha injini haifunguliwi bila wewe au fundi wako kuwapo. Andika barua leo, ipeleke kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa: injini isifunguliwe, oili isimwagwe, filta zisitupwe na kumbukumbu za kompyuta ya lori zisifutwe mpaka siku mtakayokubaliana. Kesi nyingi za waranti hushindwa kwenye pipa la taka la karakana. Filta ya oili ikishatupwa na oili ikishamwagwa, ushahidi mkubwa wa kilichoua injini umepotea, na mwenye kompyuta ndiye atakayeaminiwa.

Sasa tafuta karatasi ya kazi ya mara ya kwanza. Hata kama hukulipa shilingi, orodha ya vipuri vilivyowekwa ipo. Umetutajia krenkshafti, metali na gasketi. Hukutaja kipozea oili, na hapo ndipo tungeanza kuchunguza. Metali zikisagika, unga na vipande vya chuma huchukuliwa na oili na kusambazwa injini nzima: kwenye kipozea oili, kwenye bomba jembamba linaloilisha turbo, kwenye njia za oili ndani ya bloku, na kwenye vijibomba vinavyorushia pistoni oili kwa chini. Njia za bloku huweza kusafishwa kwa brashi ndefu na presha. Kipozea oili kina sahani zilizobanana mno, ukikiosha namna gani huwezi kuwa na hakika kwamba kimetakata. Fundi mwangalifu hukibadilisha. Kikiachwa, chuma kilichobaki humeguka kidogo kidogo kila injini ikipata joto na mtikisiko, na metali mpya huanza kuliwa tangu siku ya kwanza. Injini huenda vizuri kwa miezi, kisha hufa kifo kilekile. Historia ya lori lako inafanana na hiyo, ingawa kulithibitisha kunahitaji macho na maabara.

Hiyo bado haielezi kwa nini ilinoki mara ya kwanza, na swali hilo ndilo muuzaji anatakiwa ajibu kwa maandishi. Siku ya kufungua, nenda na fundi wa injini za dizeli asiye wa kwao, simu ya kupigia picha, na chupa safi. Oili ichukuliwe kwanza, injini ikiwa na joto kidogo ikiwezekana. Acha ya mwanzo itoke, kinga ile ya katikati, mililita 100 hadi 200 zinatosha. Iombee maabara vipimo vya chuma, shaba, risasi, aluminiamu, silikoni, sodiamu, potasiamu, pamoja na kiasi cha dizeli kilichoingia kwenye oili. Shaba na risasi kwa kawaida zinatoka kwenye metali. Silikoni ikipanda pamoja na chuma na aluminiamu, injini imekula vumbi. Sodiamu au potasiamu ikipanda, mara nyingi maana yake maji ya rejeta yamepata njia ya kuingia kwenye oili. Dizeli ikifika kama asilimia 5 ya oili, oili imekuwa nyepesi kiasi cha kushindwa kubeba krenkshafti.

Filta ya oili ikatwe kwa kikataji, si kwa msumeno, maana msumeno unaongeza chuma chake humo. Karatasi yake ikunjuliwe juu ya kitambaa cheupe na ipigwe picha pamoja na namba ya filta.

Metali zenyewe zitazungumza zaidi ya watu wote watakaokuwa chumbani. Zipangeni mezani kwa mpangilio wa silinda, za juu na za chini, msizichanganye. Zikiwa zimelika zote kwa usawa hadi shaba inaonekana, oili ilikuwa haba, chafu au nyepesi. Ikiwa moja tu imeungua nyeusi na jirani zake ni nzima, chunguzeni njia yake ya oili, boliti zake na fimbo ya pistoni ile. Zikilika upande mmoja wa ukingo, fimbo imepinda au krenkshafti haikuchongwa sawa, na hilo ni la kiwandani au la aliyefunga. Zikiwa na vipande vya chuma vimezama ndani yake, mnaangalia mabaki ya kifo cha kwanza. Geuzeni pia metali muone mgongo wake: namba ya saizi iliyochapwa pale ilingane na krenkshafti iliyowekwa. Makosa ya saizi hutokea, na hakuna dizeli inayoweza kulaumiwa kwayo.

Tukija kwenye hiyo dizeli. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni tatizo la kweli nchini, ndiyo sababu serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuua faida ya kuchanganya. Mafuta ya taa hayana ulainishaji wa dizeli, na maji huleta kutu. Lakini dizeli mbaya haiendi moja kwa moja kwenye krenkshafti. Inaanza na pampu ya presha, kisha injekta, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyolainishwa na dizeli yenyewe, na kwenye injini za sasa vinafanya kazi kwa presha ya zaidi ya bar 1,600. Kwa hiyo mwambie muuzaji akuonyeshe pampu iliyokwaruzika na injekta zenye kutu au mikwaruzo. Injekta zipimwe kwenye mashine mbele yako: kiasi inachotoa, kiasi inachorudisha, na kama inadondosha ikiwa imefungwa. Zikiwa nzima zote, hoja ya dizeli imebaki bila miguu.

Kuna njia moja ambayo injekta huua metali, nawe uijue kabla hujaambiwa. Injekta inayodondosha humwaga dizeli ndani ya silinda, ikashuka kandokando ya ringi za pistoni hadi kwenye oili. Dalili zake ni kijiti cha oili kupanda juu ya alama badala ya kushuka, oili kunuka dizeli, na pistoni moja kuoshwa au kuchomwa kichwani. Hata hapo swali linabaki: injekta iliharibiwa na dizeli, au ilitoka kiwandani na kasoro? Injekta moja mbovu kati ya sita zilizokunywa tangi moja inaelekeza kwenye injekta yenyewe.

Usikubali matokeo ya dizeli waliyoichukua peke yao. Sampuli ichukuliwe na pande zote mbili, chini ya tangi na kwenye filta ya kutenganisha maji, iwekwe kwenye chupa tatu za glasi au makopo maalumu ya chuma. Chupa ya plastiki ya soda haifai. Kila chupa lita moja, ifungwe, itiwe lakiri, isainiwe na wote: moja yako, moja yao, ya tatu ikae bila kuguswa mpaka mkitofautiana. Ambatisha risiti za vituo ulivyonunua.

Ushahidi wako mwingine umeshalala kwenye droo zako. Tiketi za mizani za Mariakani zinaonyesha hukuzidisha uzito. Data ya traka, kile kifaa cha kufuatilia lori, inaonyesha mwendo, na pia saa ambazo injini ilinguruma lori likiwa limesimama. Hizo saa zichunguze wewe kwanza, kwa uaminifu. Lori linalokaa foleni ya bandari likinguruma usiku kucha kwa ajili ya baridi ya kabini halihesabiwi kilomita, lakini oili yake inazeeka. Kitabu cha mtengenezaji hutaja masharti ya kazi ngumu, na mara nyingi muda wa sevisi unapungua hapo. Kama ulifuata kilomita peke yake, muuzaji anaweza kulishika hilo. Kama ni yeye aliyekupangia ratiba huku akijua kazi ya lori, jukumu linamrudia.

Kuhusu sheria. Waranti iliyochapishwa haifuti haki nyingine. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, sura ya 31 ya sheria za Kenya, inachukulia kwamba bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa hiyo ina ubora unaofaa kuuzwa, na Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Ila haki ya kulirudisha lori lenyewe inapungua kadiri unavyoendelea kulitumia kimya. Baada ya muda utaachiwa kudai fidia tu. Ndiyo maana tunasisitiza barua, na ndiyo maana wakili aone faili lako sasa. Mahakama ya madai madogo inaishia shilingi milioni moja, kwa hiyo gharama za kuvutwa zinaweza kupelekwa huko, thamani ya lori haiwezi.

Katika barua yako ya madai omba mambo haya: ripoti ya maandishi ya chanzo cha kila kifo, ikiwa na picha na namba za vipuri, injini kamili kutoka kiwandani badala ya kufufua bloku ileile, kipozea oili, turbo na mabomba yake mapya, intakula (kipozea hewa inayotoka kwenye turbo) isafishwe au ibadilishwe ikiwa turbo ilimwaga vipande, na waranti ya injini hiyo ihesabiwe upya kuanzia siku itakapofungwa. Hili la mwisho wengi wanalisahau. Kwa kawaida kipuri cha waranti hupewa siku zilizobaki za waranti ya mwanzo tu, na injini inayowekwa mwezi wa mwisho inakuwa na ulinzi wa siku chache tu. Nakala ipeleke kwa mtengenezaji mwenyewe, maana fedha za waranti hutoka kwake, na muuzaji aliyefunga vibaya mara ya kwanza ana sababu ya kutomweleza yote.

Benki usiikatie malipo kwa hasira. Mkataba wa mkopo unasimama peke yake, na lori huwa limeandikishwa kwa jina lako na la benki. Waandikie, uwaombe wapange upya awamu huku ukiambatisha barua ya madai. Bima ya kawaida ya gari haitakusaidia hapa, hailipi injini iliyokufa yenyewe.

SWALI: Lori langu jipya linapoteza nguvu ghafla, taa ya injini inawaka. Muuzaji anachomeka kompyuta, anafuta, linaenda wiki moja kisha linarudia. Mara ya nne sasa.
— Msomaji, Mikindani

JIBU: Kufuta namba za hitilafu kwenye kompyuta si matengenezo. Kila anapochomeka, piga picha ya skrini kabla hajafuta. Unataka namba mbili zinazokwenda pamoja, moja ya sehemu yenye tatizo na ya pili ya aina ya tatizo, pamoja na kumbukumbu ya hali ilivyokuwa wakati ule: joto, mzunguko wa injini, presha ya dizeli. Namba zilezile zikirudi mara nne, umeshapata hoja ya kudai sehemu ile ibadilishwe.

Wakati huohuo mwambie fundi afuate nyaya za kidhibiti mwendo na za traka. Vifaa hivyo hufungwa baada ya lori kutoka kiwandani, mara nyingi kwa kumenya waya wa sensa na kuusokotea mwingine kwa utepe. Hewa ya chumvi ya Mombasa hula maungio kama hayo haraka, na sensa huanza kusema uongo. Waya wa kukatia injini kwa traka ndio wa kutazamwa kwanza. Angalieni pia mahali nyaya za erthi zinapobana kwenye chesi. Maungio ya traka yakionekana mabovu, aliyeyafunga ayarudie kwa solda na mfuniko wa kusinyaa kwa joto, la sivyo muuzaji atapata kisingizio cha kukataa waranti.

SWALI: Mimi ni dereva. Injini ilikufa, mwenye lori ameambiwa ni kosa langu, sasa anataka kunikata mshahara mpaka deni liishe.
— Dereva, Jomvu

JIBU: Kaka, Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu mwajiri kukata kiasi cha kadiri kwa mali iliyoharibika pale tu mfanyakazi alipokusudia kupuuza wajibu wake, na makato yote kwa pamoja hayawezi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Mwombe bosi wako kumbukumbu ya kompyuta ya lori. Inaonyesha taa ya oili au ya joto iliwaka saa ngapi na injini ilizimwa saa ngapi. Ikiwa ulizima ndani ya sekunde chache, huna kosa la kujibia. Ikiwa uliendelea kilomita kadhaa ukitafuta mahali pazuri pa kuegesha, hali ni ngumu zaidi.

Kuanzia sasa kila asubuhi, injini ikiwa baridi na lori limesimama tambarare, piga picha ya kijiti cha oili, ya tangi la maji ya rejeta na ya glasi ya filta ya maji baada ya kuimwaga, umtumie mwenye lori kwa WhatsApp. Rejeta iongezwe maji yasiyo na chumvi (distilled) yenye dawa yake. Maji ya kisima ya huku pwani yana chumvi, yanatoboa slivu (ganda la ndani la silinda) polepole na kuacha ukoko ndani ya rejeta. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, zima injini hapohapo, weka vibao vya tahadhari nyuma ya lori, na usiiwashe tena kujaribu. Mpigie mwenye lori avutiwe gari.