Maswali na Majibu: "Wenye haki watairithi nchi", ni nchi ipi?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mwalimu. Mimi ni msomaji wako wa Tabata. Baba yetu alifariki mwaka jana akiwa na kesi ya shamba lake la Kisarawe, ambalo mtu asiyehusika aliliuza kwa karatasi za kughushi. Msibani mchungaji alihubiri kwamba baba ameenda mbinguni na mambo ya ardhi ameyaacha kwa walio duniani. Baada ya arobaini, jirani yetu ambaye ni Shahidi wa Yehova alinisomea Zaburi 37:29, akasema wenye haki wataishi milele hapahapa duniani, si mbinguni. Nilipofungua Yohana 14 nikamkuta Yesu anaandaa makao nyumbani mwa Baba. Je, ahadi ya kurithi nchi ni ya nani, na ni nchi ipi? Mbona Biblia yangu inasema "nchi" na ya jirani inasema "dunia"? Na baba yangu, ahadi hiyo imempita?

JIBU: Amina, dada yangu. Poleni sana na msiba.

Nianze na lililo jepesi. Suala la "nchi" na "dunia" halitawamalizia ubishi. Neno la Kiebrania linalotumika katika Zaburi 37 hubeba maana zote mbili, na lile la Kigiriki katika Mathayo 5:5 ni hivyohivyo. Mfasiri hana budi kuchagua moja. Jirani yako hajabadilishiwa Biblia kwa neno hilo, na wewe pia hujapotoshwa. Kinachoamua ni muktadha.

Kwa hiyo someni zaburi yote, msiishie mstari wa 29. Imepangwa kwa kufuata herufi za alfabeti ya Kiebrania, na msemaji wake ni mzee (mst. 25). Ahadi ya kurithi nchi inarudiwa mara tano: mstari wa 9, 11, 22, 29 na 34. Halafu tazama huyo mtu mwovu anafanya nini. Anafanikiwa kwa hila (mst. 7). Anamfanyia njama mwenye haki (mst. 12). Amechomoa upanga ili amwangushe maskini (mst. 14). Anakopa, halipi (mst. 21). Kisha mstari wa 33 unamwonyesha mwenye haki akiwa anahukumiwa, na Bwana anaahidi kutomwacha mikononi mwa adui yake. Mtu yeyote hapa Dar aliyewahi kuuziwa kiwanja kilichokwisha kuuzwa kwa mwingine, akapanda na kushuka ngazi za Baraza la Ardhi, anaielewa zaburi hii bila mwalimu. Maana yake ya kwanza ni ardhi kweli: fungu la ukoo ambalo Yoshua aliligawa kwa kura, ambalo Nabothi alikataa kumpa mfalme Ahabu (1 Wafalme 21) na akauawa kwa ajili yake. Mambo ya Walawi 25:23 inasema nchi ni mali ya Mungu, watu ni wapitaji tu kwake. Sisi ambao Sheria yetu ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, tusione ajabu kusikia kwamba mwenye shamba ana haki kamili juu ya shamba lake bila kuwa mmiliki wa mwisho.

Basi ahadi hiyo ilitokaje kwenye mashamba ya Israeli ikafika kwa wakristo wa Tabata?

Ilisogezwa mbele na maisha yenyewe. Wenye haki walikufa bila shamba. Walipelekwa uhamishoni Babeli. Isaya 60:21 akaahidi upya kwamba watu wote watakuwa wenye haki na watairithi nchi milele. Jamii ya Kiyahudi ya Qumrani, karibu na Bahari ya Chumvi, ambayo magombo yake yalianza kugunduliwa mwaka 1947, iliiandikia Zaburi 37 ufafanuzi wake: ikajiona yenyewe ndiyo kusanyiko la maskini watakaorithi. Ndipo Yesu akaketi mlimani na kunukuu mstari wa 11 karibu neno kwa neno: "Heri wenye upole, maana hao watairithi nchi." Na Paulo akapanua kabisa. Katika Warumi 4:13 Abrahamu ameahidiwa kuwa mrithi wa ulimwengu, hata Kanaani yenyewe inaonekana ndogo.

Ubishi ndani ya Kanisa ulianza mapema sana, kwa hiyo usidhani umeletwa na jirani yako. Mnamo mwaka 180 Ireneo, askofu wa Lyon, alitoa hoja ambayo mpaka leo naiona ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Mungu alimwahidi Abrahamu nchi, yeye na uzao wake. Lakini Abrahamu hakupewa hata mahali pa kuweka mguu. Stefano anasema hivyo waziwazi katika Matendo 7:5, na kaburi la Sara alilinunua kwa fedha. Mungu hasemi uongo. Basi, akasema Ireneo, lazima Abrahamu aipokee nchi hiyo wakati wa ufufuo, katika dunia iliyofanywa upya, dunia ileile ambamo wenye haki waliteswa.

Wengine hawakukubali. Origene wa Aleksandria, mwalimu wa Kanisa wa karne ya tatu, aliona kwamba kusubiri mashamba na vyakula ni kusoma Maandiko kimwili mno. Agostino, askofu wa Afrika Kaskazini, alipofafanua Hotuba ya Mlimani, alisema nchi hiyo ni "nchi ya walio hai" ya Zaburi 142:5, yaani urithi thabiti wa milele ambamo nafsi hupumzika. Baadaye, katika kitabu cha 20 cha Mji wa Mungu, alieleza kwamba zamani na yeye aliamini utawala wa miaka elfu baada ya ufufuo, kisha akauacha mtazamo huo. Mahubiri mengi tunayoyasikia misibani, pamoja na nyimbo zake, yanatembea katika njia hiyo ya Agostino. Lakini Yohane Krisostomo, mhubiri mkubwa wa Antiokia wa wakati uleule, alikataa: alisema Maandiko hayataji popote nchi ya mfano tu, na kwamba Yesu aliongea habari ya nchi halisi. Martin Luther, mwanamatengenezo wa Ujerumani, naye alimfuata kwa kiasi, akasema mpole hufurahia alicho nacho papa hapa duniani, wakati mnyang'anyi anakosa usingizi.

Leo hali ni hii. Wasabato wanafundisha kwamba waliokombolewa watakuwa mbinguni miaka elfu, dunia ikiwa ukiwa, kisha watarudi kuishi katika dunia mpya. Wapentekoste wengi wanasubiri Kristo atawale miaka elfu hapa duniani. Katoliki, kwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano (mkutano mkuu wa maaskofu) mwaka 1965, inafundisha kwamba Mungu anaandaa nchi mpya ambamo haki inakaa, wala haijidai kujua itageuzwaje. Mashahidi wa Yehova wanagawa watu makundi mawili: 144,000 wa Ufunuo 14 wataenda kutawala mbinguni, na wenye haki wengine wataishi milele katika paradiso duniani. Mgawanyo huo kama ulivyo leo ulitangazwa na J. F. Rutherford, kiongozi wao wa wakati huo, mwaka 1935, alipofundisha kwamba "mkutano mkubwa" wa Ufunuo 7 ni watu wa duniani.

Hapo natofautiana na jirani yako, ingawa ana haki ya kutukumbusha kwamba ahadi inahusu dunia. Someni pamoja Mathayo 5:3 hadi 12. Mstari wa 3 maskini wa roho wanapewa ufalme wa mbinguni. Mstari wa 5 wapole wanapewa nchi. Mstari wa 12 wanaoteswa wana thawabu mbinguni. Yesu hagawi wasikilizaji mafungu, hawa wa juu na wale wa chini. Maskini wa roho ndiye huyohuyo mpole, ndiye mwenye njaa ya haki, ndiye mpatanishi. Mtu mmoja anaahidiwa mbingu na nchi katika pumzi moja. Mwulize jirani yako kwa upole: mwenye kuirithi nchi katika mstari wa 5 ni nani, na ufalme wa mstari wa 3 ni wa nani?

Na mchungaji wenu naye aulizwe. Petro anasema urithi wetu umetunzwa mbinguni, lakini anaendelea kusema uko tayari kufunuliwa wakati wa mwisho (1 Petro 1:4-5). Katika 2 Petro 3:13 anatazamia mbingu mpya na nchi mpya. Katika Ufunuo 21 Yohana hauoni mji ukipaa; anauona ukishuka kutoka kwa Mungu, na maskani ya Mungu yanakuwa pamoja na wanadamu. Nyumba ya Baba katika Yohana 14 ni mahali tunapokaribishwa kuwa na Kristo, na Kristo huyo mwenyewe anasema atakuja tena. Kwangu mimi usomaji unaobeba aya zote bila kuitupa hata moja ni ule wa Ireneo: walio wa Kristo wako salama kwake wanapokufa, na mwisho wa safari ni ufufuo wa mwili katika uumbaji uliofanywa upya.

Wapo hapa mjini wanaohubiri kwamba kurithi nchi ni kuzunguka kiwanja cha mtu ukitamka Yoshua 1:3, ahadi ya kupewa kila mahali unapokanyaga, mpaka kiwe chako. Zaburi 37 inamwita mtu wa namna hiyo kwa jina lingine: mwovu.

Sasa baba yako. Hapana, ahadi haijampita. Kama ingekuwa ya maisha haya tu, Abrahamu angekuwa wa kwanza kupitwa. Danieli aliambiwa kwamba atapumzika, kisha atasimama katika kura yake mwisho wa siku (Danieli 12:13). Mtu anayejua kitabu cha Yoshua anasikia kura hiyo kama fungu la shamba. Kwa hiyo mchungaji alisema kweli kwamba baba yuko mikononi mwa Mungu, lakini kwamba ardhi si jambo lake tena, hilo zaburi haisemi.

Wala msiifute kesi eti kwa kuwa mstari wa 7 unasema utulie. Utulivu huo unakataza kulipa kisasi na kumwonea kijicho anayefanikiwa kwa hila. Haukatazi kudai haki mbele ya hakimu, na Isaya 1:17 inaagiza yatima na mjane watetewe. Shauri la marehemu halijiendeshi lenyewe. Kama bado hamjateua msimamizi wa mirathi, kaeni kikao cha ukoo, muandike muhtasari, mfungue maombi mahakamani, kisha msimamizi aombe kuingizwa kwenye kesi badala ya baba. Sheria imeweka ukomo wa muda kwa jambo hilo, na mwaka umeshapita, kwa hiyo muoneni mwanasheria wiki hii.