Mbunge namjua, kibali sina wa kumwomba

Mdogo wangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, umeniudhi. Nani kawaambia hapo barazani kwamba kwa kuwa Shelisheli ni ndogo na mbunge unakutana naye sokoni, ukimweleza shida yako basi kesho una makaratasi?

Kukutana naye ni kweli. Watu wa hapa ni kama laki moja tu. Uchaguzi wa Oktoba 2020 ulitoa wabunge 35: 26 wa majimboni, na 9 waliogawiwa vyama kwa hesabu ya kura. Mbunge mmoja kwa watu elfu tatu hivi! Diwani wetu Tanga ana watu wengi kuliko hao. Siku ya kura nilisimama ng'ambo ya barabara nikiitazama foleni. Chama cha Wavel Ramkalawan, aliyeshinda urais siku hizohizo, kilipata viti 25, na kile kilichotawala tangu 1977 kikabaki na 10. Nilifurahi nao, kisha nikaumia. Baadhi ya waliopanga foleni wanakaa nyumba ambazo matofali yake nimeyapanga mimi.

Sasa sikiliza. Kibali changu cha kazi huombwa na mwajiri na kimefungwa kwake. Mwaka jana alinikalia mshahara miezi miwili, na kuhamia kwa mwingine siwezi hivihivi. Nikaenda kwa mbunge, ofisi yake iko hatua chache kutoka ninapolala. Alinikaribisha kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimekula. Kisha akanielekeza idara ya ajira. Basi. Simlaumu, kachaguliwa na raia, na mimi si raia. Nilirudi kazini kesho yake kwa tajiri yuleyule, nikamwamkia.

Usije. Na kama lazima uje, njoo na mkataba uliousoma mwenyewe ukurasa kwa ukurasa, nakala umwachie shemeji. Pasipoti usimkabidhi mtu, hata akikuita ndugu. Kazi ipo, sikufichi, na mshahara ukilipwa unajenga. Bati la nyumbani limetoka huku. Lakini kiwanja cha baba usikiuze kwa maneno ya barazani. Ukikiuza, usinipigie simu. Hapana, nipigie, nitakupokea.

Ile miezi miwili mama aliuliza mbona pesa hazifiki, nikamwambia mtandao unasumbua. Nakuomba usimwambie.