Kampuni Ikija na Maabara, Omba Vinavyokwisha

Maabara yetu ya kemia tuliletewa na kampuni moja. Siku ya kukata utepe wazazi walicheza ngoma, nami nililia kwa furaha. Mwaka wa pili mlango ukatiwa kufuli. Hakuna aliyeiba kitu. Nitrati ya fedha, kemikali ya majaribio, iliisha, bureti (mirija ya kioo ya kupimia kimiminika) zikavunjika moja moja, maji hayakuwahi kufika bombani, na makubaliano yalitaja jengo na vifaa basi. Watoto wa kidato cha nne wakashika bureti kwa mara ya kwanza wiki mbili kabla ya mtihani wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania. Mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo, mkuu wa shule mwenzangu, kabla ya kuonana na watu wa kampuni kaa na walimu wako wa sayansi mpige hesabu. Wanafunzi 60 wakifanya taitresheni, yaani kupima asidi inayotosha kuondoa nguvu ya besi, kila mmoja akarudia mara nne kwa sentimita za ujazo 25 za besi, hizo ni lita 6 kwa kipindi kimoja. Bado asidi, bado kiashiria kinachobadilika rangi, bado maji ya kuoshea. Hesabu hiyo niliibeba kwenye kikao na kampuni nyingine iliyokuja na wazo la kutupatia kompyuta. Meneja aliisoma mara mbili, akakubali tangi la maji na kemikali za miaka mitatu.

Ombeni pia mafunzo ya walimu. Wengi wa rika langu tulifanya mtihani mbadala wa vitendo: tulieleza jaribio kwenye karatasi bila kuligusa. Mwalimu wa namna hiyo akipewa vifaa vipya anaogopa kuvivunja, anavifungia kabatini.

Fedha za kampuni zinaweza pia kumfuata mwanafunzi mwenyewe. Young Scientists Tanzania, mashindano ya miradi ya sayansi ya wanafunzi yaliyoanzishwa 2011, yalifuata mfano wa maonyesho ya Ireland yaliyoanza 1965 kwa msaada wa shirika la ndege, Aer Lingus. Hapa kwetu Karimjee Jivanjee Foundation imewalipia washindi masomo ya chuo kikuu. Mtoto anachunguza tatizo la kijijini kwake, na mwalimu analazimika kujifunza pamoja naye. Pelekeni wanafunzi, hata wa shule za kata.

Na kabla ya kusaini, hakikisheni imeandikwa wazi: bureti ikivunjika, nani ananunua nyingine.