Duka la Kanga Ndani ya Kompyuta: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi cherehani hapa Tanga. Mdogo wangu wa kiume, aliyemaliza chuo mwaka jana, hukesha kwenye kompyuta ndani ya ulimwengu unaoitwa Second Life, ambamo kila mtu ana umbo lake la kuchorwa linalotembea, kuongea na kufanya manunuzi. Sasa ananiomba shilingi laki tatu akodi kiwanja humo, tufungue duka la nguo. Mimi nibuni, yeye auze. Je, hii ni biashara kweli, au nitakuwa nimezitupa fedha zangu baharini? (Fundi, Tanga)

JIBU: Dada yangu, biashara ipo, na fedha yake hugeuzwa ikawa fedha ya kawaida. Hata hivyo, laki tatu hiyo nakusihi uishike kwanza, kwa sababu mdogo wako anataka kuanzia pale pale walipoangukia wengi, yaani kwenye ardhi.

Second Life ilifunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, Marekani. Humo hakuna adui wa kumshinda wala hatua za kuvuka kama ilivyo katika michezo mingi ya kompyuta. Karibu kila unachokiona, kuanzia nyumba hadi hereni, kimetengenezwa na watumiaji wenyewe, ambao tangu mwaka ule wa kwanza walikubaliwa kubaki na haki za ubunifu wao. Fedha ya humo huitwa dola ya Linden, na kwa miaka mingi dola moja ya Marekani imekuwa ikibadilishwa kwa dola za Linden zipatazo 250. Gauni likiuzwa kwa dola 250 za Linden, basi, limekuingizia kama dola moja kabla ya makato. Bei hiyo ni ndogo, lakini gauni la kuchorwa halishonwi mara mbili: ukishalikamilisha, mteja wa kwanza na mteja wa mia hununua kazi ile ile.

Tamaa ya viwanja ilichochewa sana na habari za Ailin Graef, mwanamke mzaliwa wa China aliyeishi Ujerumani na kujulikana humo kwa jina la Anshe Chung. Alinunua ardhi, akaigawa, akaipamba, akaiuza na kuipangisha, na mwaka 2006 ikatangazwa kuwa mali zake za humo zimepita thamani ya dola milioni moja za Marekani. Waliomwiga hawakuzingatia kwamba yeye aliwahi mapema, wala kwamba hesabu ile ilikuwa ya viwanja na dola za Linden, si fedha taslimu iliyokwisha kuingia benki. Ardhi yenyewe ni nafasi tu katika kompyuta za kampuni. Hulipiwa kila mwezi, nawe ukishindwa kulipa huna chako. Ni sawa na meza ya sokoni, ambayo ushuru wake haungoji mteja.

Mwonye pia asimkabidhi mtu fedha ya kumzalishia riba. Mwaka 2007 taasisi iliyojiita benki humo ndani, Ginko Financial, iliyokuwa ikiahidi riba kubwa kupita kiasi, ilianguka na akiba za watu, na Januari 2008 Linden Lab ikapiga marufuku benki za namna hiyo zisizo na leseni halali. Walioumia walikuwa watu wazima wenye akili zao, waliodhani kwamba kwa kuwa mahali ni pa mchezo, hasara nayo itakuwa ya mchezo.

Njia ninayowashauri ni hii. Kufungua akaunti ya kawaida hakulipiwi, na lipo soko la Second Life kwenye tovuti ambapo mbunifu huuza bila kumiliki hata futi moja ya ardhi. Mtaji wenu mkubwa ni ufundi wako, nao unahitajika kuliko unavyofikiri. Maumbo wanayoyavaa wateja hutengenezwa na wabunifu mbalimbali, na kila umbo lina vipimo vyake, hata nguo inayokaa vizuri kwenye moja hupwaya au kubana kwenye jingine. Nilipojaribu kulivika umbo langu kanga niliyoichora, mji wake ulikaa sawa kifuani, lakini nilipoketi pindo lilivutika kiunoni na jina la kanga likapinda lisisomeke. Kasoro ya namna hiyo fundi wa nguo huiona mara moja na kujua pa kupunguza. Kupandisha picha moja ya kitambaa kumekuwa kukigharimu dola 10 za Linden, kwa hiyo mnaweza kukosea mara nyingi bila kufilisika. Michoro iwe yako mwenyewe, isinakiliwe kwenye kanga ya kiwanda. Na kabla hamjachora chochote, kijana ahakikishe ni njia gani ya malipo itakayowafikishia fedha hizo hapa Tanzania, na makato yake ni kiasi gani.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu. Tangu nipooze upande mmoja sitoki nyumbani. Mjukuu wangu amenionyesha ulimwengu wa namna hiyo, nami naufurahia, lakini wanangu wanasema ninajidanganya. Je, ni kweli? (Mstaafu, Mombasa)

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Sioni udanganyifu wowote, maana unaozungumza nao humo ni watu kamili. Nchini Norway, Mats Steen, kijana aliyekuwa na ugonjwa wa kudhoofika misuli, alitumia maelfu ya saa katika mchezo wa World of Warcraft, na wazazi wake waliamini kwamba aliishi mpweke. Alipofariki mwaka 2014 akiwa na miaka 25, walitangaza msiba kwenye ukurasa wake wa mtandaoni, ndipo barua zikaanza kumiminika kutoka kwa watu waliomhesabu kuwa rafiki wa karibu, na baadhi yao wakasafiri kutoka nchi nyingine kuja kumzika.

Katika Second Life, shirika la Virtual Ability huwapokea wenye ulemavu na kuwafundisha kuendesha maumbo yao, jambo litakalokufaa wewe unayetumia mkono mmoja. Jina lako halisi, anwani yako na habari za pensheni usimpe mtu yeyote, hata awe mpole namna gani. Na wanao, badala ya kubishana nao, waalike jioni moja waketi kando yako wakusikilize ukizungumza na hao rafiki zako.