Kuanza krediti Marekani ukiwa huna historia: jina kwanza, kadi baadaye

Mleta uzi anasema amefika Marekani, ana namba ya Social Security (namba ya utambulisho ya serikali) na kazi, ila ameomba kadi ya krediti akakataliwa kwa sababu hana historia. Anauliza aanzie wapi.

Mkuu, hujakataliwa kwa ubaya wowote. Hawakuoni tu. Mafaili ya wakopaji yanatunzwa na kampuni 3, Equifax, Experian na TransUnion, nazo huandika kile wanacholetewa na wakopeshaji. Kadi ya debiti haiingii humo hata uitumie miaka 10. Kodi ya nyumba kwa kawaida haiingii pia, mpaka mwenye nyumba au wewe mwenyewe mtumie huduma ya kuiripoti. Na mkopo uliomaliza kwenye SACCO Nairobi au benki ya Dar kwa kawaida hauonekani huku.

Kabla ya kuomba tena, nyoosha jina. Watu wetu wana majina matatu, na kila ofisi huyapanga inavyotaka: Social Security umeandikwa Juma Ramadhani Bakari, benki Juma Bakari, kazini Bakari Ramadhani. Faili linaweza kugawanyika, kila kipande kikabaki chembamba. Kwa waliotoka makambini kama Nyarugusu au Kakuma kuna jambo zaidi: wengi wameandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari, kwa hiyo wawili wenye jina moja na tarehe moja huweza kuchanganywa, na deni la mwenzako likatokea kwako. Chagua mpangilio ulio kwenye kadi ya Social Security, uutumie kila mahali, herufi kwa herufi.

Walioletwa kama wakimbizi wakumbuke mkopo wa tiketi ya ndege wa IOM, yaani Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Hauna riba, na marejesho huanza kama miezi 6 baada ya kufika. Yapo mashirika yanayokusanya marejesho hayo na kuyaripoti, kwa hiyo liulize lako. Kama linaripoti, hiyo ni historia unayoijenga bila kuomba kitu kipya, na ukiipuuza inakuharibia vilevile.

Sasa kadi. Omba yenye dhamana: unaweka amana, mara nyingi dola 200, na hicho ndicho kikomo chako cha matumizi. Uliza mambo matatu: inaripoti kwa kampuni zote 3? Ina ada ya mwaka? Amana inarudishwa lini? Vyama vya akiba na mikopo vya huku huwa na masharti nafuu kuliko benki kubwa, na vingine vina mkopo mdogo wa kujenga krediti, ambapo fedha hufungiwa kwenye akaunti mpaka umalize kulipa. Usiombe kadi tano siku moja. Kila ombi huonekana kwenye ripoti miaka 2.

Wengi hudhani amana ndiyo inayolipa bili. Hailipi. Ukinunua kitu cha dola 15, unatakiwa kulipa hizo 15 kutoka mfukoni, amana ikae palepale.

Jambo linalowachanganya watu zaidi ni tarehe mbili. Ipo siku ya kufunga hesabu ya mwezi, na ipo siku ya mwisho ya kulipa, angalau siku 21 baadaye. Kiasi kinachoripotiwa kwa kawaida ni kile kilichokutwa siku ya kufunga. Ukiwa na kikomo cha 200 na umetumia 180, utaonekana mtu aliyeitumia kadi karibu yote, hata kama utalipa zote kwa wakati. Lipa 165 siku chache kabla ya kufunga, ibaki 15, kisha malizia hizo kabla ya siku ya mwisho. Ukilipa salio lote la bili kila mwezi, manunuzi hayatozwi riba. (Kama shaka yako ni ya kidini, kuhusu mkataba wenyewe muulize sheikh wako, si mimi.)

Washa malipo ya moja kwa moja kwa salio lote. Ukichelewa hata siku moja unaweza kutozwa faini. Ukifikisha siku 30 unaripotiwa, na doa hilo hukaa miaka 7. Wengi hunaswa wakihama nyumba, bili ikaenda anwani ya zamani.

Alama ya FICO, namba ambayo wakopeshaji wengi huitumia kukupima, kati ya 300 na 850, haitoki mpaka uwe na akaunti yenye umri wa miezi 6. Programu za simu zinaweza kukuonyesha namba mapema, lakini nyingi hutumia VantageScore, kipimo kingine tofauti, kwa hiyo namba zikitofautiana usihangaike.

Anayekuuzia "namba ya CPN", eti namba mbadala ya kuombea mikopo, ili uanze upya, mkimbie. Kuitumia badala ya namba yako ya Social Security ni udanganyifu, na atakayeshtakiwa ni wewe.

Ripoti zako ni bure kila wiki kwenye AnnualCreditReport.com. Faili likiwa jembamba, maswali ya mtandaoni ya kuthibitisha wewe ni nani huweza kukukwamisha. Hapo tuma fomu ya kuomba ripoti kwa posta pamoja na nakala ya kitambulisho na uthibitisho wa anwani. Ukikuta deni lisilo lako, pinga kwa maandishi kwa kila kampuni inayolionyesha, ukiambatisha nakala ya kadi ya Social Security. Kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza.