Maswali ya Wasomaji: Tarehe ya Mapinduzi ikiandikwa kama namba moja

SWALI: Assalamu alaykum, Mwalimu. Skuli tumeandika tarehe ya Mapinduzi, 12 Januari 1964, kama namba moja: 12011964. Mwenzangu anasema inagawanyika kwa 8 kwa kuwa jumla ya tarakimu zake ni 24. Mimi nimekataa. Nani kapatia, na hii ni namba ya aina gani?
Mwanafunzi, Chake Chake

JIBU: Waalaykumu salamu. Umepatia wewe. Jumla ya tarakimu hupima 3 na 9, kwa sababu 10, 100 na 1,000 kila moja ikigawanywa kwa 9 hubaki 1. Kwa 8 mabaki yanabadilika: 10 hubakisha 2, 100 hubakisha 4. Kipimo cha 8 ni tarakimu tatu za mwisho, na 964 kwa 8 ni 120, baki 4. Kwa 4 hutazamwa mbili za mwisho, 64 inakubali. Basi tarehe yoyote ya 1964 ukiiandika hivi haiwezi kuwa namba tasa.

Sasa tuivunje. Gawa kwa 4 upate 3,002,991, kisha kwa 3 upate 1,000,997. Hapa ndipo wengi hukosea: wanajaribu 7, 11 na 13, zinakataa, wanaandika "tasa" na kufunga daftari. Kipeuo chake cha pili kinapita 1,000 kidogo, kwa hiyo una kazi ya kujaribu namba tasa zote hadi 997, au mpaka moja ikubali. Hizo tatu zipime kwa mkupuo, maana 7 × 11 × 13 = 1,001: katika mafungu 1, 000 na 997, chukua 997, toa 000, ongeza 1. Unapata 998, ambayo haigawanyiki kwa yoyote kati yao. Endelea na 17, 19, 23 bila kuruka. Ukifika 43 inaingia sawasawa: 23,279. Hii nayo ipime kuanzia 43 hadi 151 (43 irudie, huenda ikaingia mara ya pili). Zote zinakataa, hivyo ni tasa.

12,011,964 = 2² × 3 × 43 × 23,279

Ongeza 1 kwenye kila kipeo, uzidishe: 3 × 2 × 2 × 2, yaani vigawo 24. Kulingana na ile 24 ya tarakimu ni sadfa tu. Jumla ya vigawo ni (1 + 2 + 4) × (1 + 3) × (1 + 43) × (1 + 23,279), yaani 7 × 4 × 44 × 23,280 = 28,680,960. Ukitoa namba yenyewe inabaki 16,668,996, kubwa kuliko namba tuliyoanza nayo. Kwa hiyo iko kundi la namba zilizozidi. Namba 6 imetimia, 1 + 2 + 3. Na 8 imepungua, 1 + 2 + 4 ni 7 tu.

SWALI: Kigawo kikubwa cha shirika cha namba hiyo na tarehe ya Muungano, 26041964, ni kipi?
Msomaji, Mkunazini

JIBU: Ni 4. Kinachogawa zote mbili lazima kigawe tofauti yao, 14,030,000. Humo 3, 43 na 23,279 haziingii, 4 inaingia.